Kukodi jeti kubwa kutoka Mombasa: uliza kwanza ndege inalala wapi

Mzee mmoja wa Kizingo alinipigia simu baada ya alasiri. "Mwanangu, nataka kumpeleka mama yako umra, sisi na watoto na wajukuu, jumla watu kumi na wawili. Nataka ndege yetu wenyewe. Shilingi ngapi?" Nikamwamkia, nikamwambia bei nitamletea jioni, ila kwanza anipe siku ya kwenda, siku ya kurudi na idadi ya masanduku. "Masanduku yanahusiana vipi na bei?" akaniuliza. Yanahusiana sana, na zile siku za kukaa huko zinahusiana zaidi.

Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza mzee yule kwa muda wa wiki mbili, pamoja na mengine ambayo nimejifunza katika miaka ya kupokea na kuondoa ndege za kukodi pale Uwanja wa Ndege wa Moi. Nazungumzia jeti kubwa: zile ambazo mtu mzima anasimama wima ndani yake, zenye viti 12 hadi 16, jiko dogo na choo cha maana, zinazoweza kukutoa Mombasa hadi Ulaya au Uchina. Majina utakayoyasikia ni Challenger, Falcon, Global na Gulfstream. Vindege vya kwenda Mara na Lamu vina taratibu zake.

Hatua ya 1: Hesabu watu, halafu hesabu mizigo

Idadi ya viti kwenye karatasi ya dalali ni ya watu waliokaa. Usiku mambo hubadilika. Viti viwili vinavyotazamana huunganishwa kuwa kitanda kimoja, kwa hiyo jeti ya viti 12 inalaza watu sita kwa raha, labda saba ukihesabu kochi. Kama kuna wazee na safari ni ya usiku, panga kwa vitanda.

Mizigo ndiyo inayowaumbua watu wetu. Challenger 605 ina chumba cha mizigo cha kama mita za ujazo 3.3. Global 6000 ina kama 5.5, na Gulfstream G550 kama 6.4. Sasa chukua watu 12 wa umra, kila mmoja na masanduku mawili makubwa: Challenger imejaa kabla hamjaondoka Mombasa, na bado kuna kurudi na tende, mazulia na maji ya zamzam. Harusi ni zaidi ya hapo. Nimeona masanduku ya biharusi pekee yakifika tisa. Usiseme "mizigo ya kawaida". Pima urefu, upana na kimo cha yale makubwa, umpe dalali vipimo kwa sentimita. Uliza pia kama mlango wa mizigo unafikika kutoka ndani mkiwa hewani, kwa sababu mama mwenye dawa zake ndani ya sanduku atazihitaji njiani.

Hatua ya 2: Pima masafa, usidanganywe na kipeperushi

Kwa njia iliyonyooka, Mombasa hadi Jeddah ni kama kilomita 2,860. Dubai ni kama 3,700. Mumbai ni kama 4,450. London ni kama 7,270, na Guangzhou ni kama 8,500.

Kampuni inayotengeneza Challenger 605 inasema ndege hiyo inafika kama kilomita 7,400. Mtu akitazama namba hizo mbili, 7,400 na 7,270, ataona London inafikika bila kutua. Haifikiki. Masafa ya kipeperushi hupigwa kwa abiria wachache, mwendo wa pole na anga isiyo na upepo wa mbele. Tena sehemu kubwa ya anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na njia iliyonyooka ya kutoka kwetu kwenda Ulaya inapita hapo hapo. Ndege hulazimika kuzunguka. Kwa hiyo ukipewa Challenger kwa London, kubali kwamba mtatua njiani kujaza mafuta, pengine Cairo au Athens, na uongeze saa moja na zaidi. Kama hutaki kutua, omba Falcon 7X, Global 6000, G550 au zaidi ya hizo. Zote zinazidi kilomita 11,000 kwenye karatasi, na hapo nafasi ya kuzunguka ipo.

Upande wa uwanja, Mombasa tumebarikiwa. Njia kuu ya kurukia pale Moi ina kama mita 3,350, na uwanja uko karibu usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Hewa huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta na watu huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Ndiyo maana jeti yenye safari ndefu sana inaweza kutoka Mombasa na matangi yaliyojaa, wakati huko juu ingelazimika kupunguza uzito.

Wageni huniuliza kama jeti kubwa inaweza kuwashusha Ukunda au Malindi, karibu na hoteli yao. Njia za viwanja hivyo ni fupi mno kwa ndege hizi. Mtatua Moi, halafu mchukue ndege ndogo au gari. Siku hizi, kwa barabara ya Dongo Kundu, mtu wa Diani anatoka uwanjani hadi kwake bila kugusa feri ya Likoni, na hilo limeondoa nusu ya wasiwasi niliokuwa nao kila siku ya safari.

Hatua ya 3: Uliza ndege inalala wapi

Kama utasahau yote, shika hili. Jeti kubwa za kukodi hazilali Mombasa. Zinalala Dubai, Johannesburg, Ulaya, na chache Nairobi. Utalipia safari ya tupu ya kuja kukuchukua na ya tupu ya kurudi kwao.

Nilimpigia mzee hesabu hii kwenye karatasi. Soko la jeti kubwa lilikuwa likizunguka kati ya dola 8,000 na 12,000 kwa saa, kutegemea ndege na msimu. Tuseme tumepata ndege ya Dubai kwa dola 9,000. Dubai hadi Mombasa tupu, saa 5. Mombasa hadi Jeddah na jamaa ndani, saa 4. Ndege inawasubiri huko siku nne. Jeddah hadi Mombasa, saa 4. Mombasa hadi Dubai tupu, saa 5. Jumla saa 18, dola 162,000, na katika hizo ninyi mmekaa ndani saa 8 tu.

Sasa tuseme kuna ndege ya Nairobi inayodai dola 10,500 kwa saa. Kuja Mombasa na kurudi kwao ni saa moja moja. Jumla saa 10, dola 105,000. Ile yenye bei ya saa kubwa imeshuka kwa dola 57,000.

Mzee akaitazama ile karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Kwa hiyo nilikuwa nataka kulipia upepo," akasema. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu siku za kukaa huko zinahusika. Mkikaa siku nne, ni nafuu ndege isubiri na mlipie malazi ya marubani na maegesho. Mkikaa siku kumi na tano, mwenye ndege hatakubali iketi bure. Itaondoka ikafanye kazi nyingine, na kuirudisha kwenu kutakuwa na bei yake.

Kinyume cha mambo haya kipo, na ni cha faida kwako ukiwa na subira. Desemba jeti huleta wageni wa Ulaya pwani yetu, zinawashusha, halafu nyingine zinarudi tupu. Mwenye ndege yuko tayari kuuza safari hiyo kwa bei ya chini sana kuliko kawaida. Sharti ni kwamba utakwenda siku yake, saa yake na mahali pake, na mgeni wake akibadilisha safari, yako imekufa. Kwa mtu anayekwenda kufanya manunuzi, ni sawa. Kwa harusi au matibabu, usiguse.

Hatua ya 4: Cheti ni cha nani?

Hapa sibembelezi mtu. Kuna tofauti ya kisheria kati ya mwenye ndege anayejisafirisha mwenyewe na mwendeshaji aliyeidhinishwa kubeba watu kwa malipo. Huyu wa pili ana cheti cha mwendeshaji ndege kutoka mamlaka ya nchi yake, na kwa ndege za Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Cheti hicho kinamlazimu kuwa na marubani wenye leseni ya biashara, mapumziko yao, mafunzo yao, matengenezo yanayokaguliwa, na bima ya abiria wanaolipa. Ukipanda ndege ya rafiki wa rafiki "kwa kuchangia mafuta tu", bima inaweza kukataa kulipa hata senti.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Emiliano Sala, yule mshambuliaji wa Argentina. Januari 2019 alitoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ndogo ya kukodi, ikaanguka baharini karibu na Guernsey. Rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, na aliyepanga safari alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Ndege ile ilikuwa ya injini moja, lakini mtego ni ule ule hata kwa ndege ya dola milioni 40.

Fanya hivi. Omba namba ya usajili iliyoandikwa mkiani. Ikianza na 5Y ni ya Kenya, A6 ni ya Falme za Kiarabu, ZS ni ya Afrika Kusini, 9H ni ya Malta, N ni ya Marekani. Ikianza na M na kistari, ni ya Isle of Man, na daftari lile husajili ndege za binafsi na za makampuni tu. Hazikodishwi kwa abiria, kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya ndege ya M, mwache. Kisha omba nakala ya cheti cha mwendeshaji na ukurasa unaoorodhesha ndege anazoruhusiwa kuendesha. Namba ya mkiani lazima iwemo humo. Jina la kwenye cheti, jina la kwenye mkataba na jina la kwenye bima yawe ni ya mtu mmoja. Bima ya abiria na watu wengine kwa jeti ya ukubwa huu huwa ya dola milioni 100 na kuendelea.

Wako pia wakaguzi wa nje ambao wateja wakubwa duniani huwasikiliza: ARGUS, Wyvern, na kiwango kiitwacho IS-BAO. Mwendeshaji mwenye alama hizo atakuonyesha bila kusukumwa.

Niseme kosa langu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilichukua ndege kwa maneno ya dalali mmoja ambaye alinihakikishia karatasi "ziko njiani". Siku ya safari ikaja ndege nyingine, ya mwendeshaji mwingine, na cheti chake kilikuwa kimekwisha muda. Familia ilikuwa imeshafika uwanjani, watoto wamevaa nguo mpya. Niliwarudisha nyumbani. Mama mmoja alilia pale kwenye ngazi za teminali, na mimi sikuwa na la kumwambia ila kwamba sitawapandisha. Tangu siku hiyo sichukui arbuni ya mtu kabla ya kuziona karatasi zote tatu.

Hatua ya 5: Mkataba na pesa

Soma mistari ya mwisho, ile yenye herufi ndogo. Ndimo wanamoweka yasiyomo kwenye bei.

Kuyeyusha barafu mabawani ni mojawapo. Mtu wa Mombasa hawezi kulifikiria jambo hili, lakini mkiwa London au Frankfurt mwezi wa Januari, ndege ikilala nje lazima inyunyiziwe dawa kabla ya kupaa, na kwa jeti kubwa bili ya mara moja ni maelfu ya dola. Uliza ni juu ya nani. Intaneti ni nyingine. Kwenye ndege nyingi za zamani huhesabiwa kwa megabaiti. Mjukuu wa mteja wangu alitazama katuni kutoka Mombasa hadi Dubai, na wiki mbili baadaye ikaja ankara ambayo baba yake alidhani ni ya mtu mwingine. Agiza izimwe, au ulipie kifurushi kimoja kilichotajwa kwenye mkataba.

Uliza ndege ikiharibika itakuwaje: wataleta nyingine ya kiwango kile kile kwa gharama zao, au watakurudishia pesa tu na kukuacha uwanjani? Uliza bei ya mafuta ikipanda kabla ya siku ya safari nani atabeba. Uliza ukighairi unapoteza kiasi gani. Kwa kawaida sehemu hupotea siku ile ile ya kutia sahihi, na ndani ya siku mbili tatu za safari hupotea yote.

Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina la mwendeshaji au la dalali aliyetajwa kwenye mkataba. Namba ya akaunti ikibadilishwa kwa barua pepe dakika za mwisho, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo na uisikie sauti ya mtu unayemjua. Wezi wa barua pepe wanapenda sana biashara hii kwa sababu pesa ni nyingi na watu wana haraka. Anza mambo ya benki mapema. Watakuuliza chanzo cha fedha na nia ya malipo, na Ijumaa mchana hakuna atakayekukimbilia.

Hatua ya 6: Vibali na pasi

Vibali vya kutua na vya kupita anga za nchi nyingine huombwa na mwendeshaji na wakala wake. Kazi yako ni kutoa majina na pasi mapema na kutobadilisha abiria ovyo. Pasi ziwe na uhai wa miezi sita. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe siku kumi kabla, na kadi yake muwe nayo, hasa kwa India, ambako mtu wa kutoka Kenya asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hata akishuka kutoka jeti yake mwenyewe. Wageni wako wanaokuja Kenya wanahitaji idhini ya kusafiri ya mtandaoni iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, isipokuwa wa nchi zilizosamehewa.

Jambo moja linalowashangaza wengi: jeti ya kigeni iliyowaleta kutoka Dubai hadi Mombasa hairuhusiwi hivi hivi kuwachukua kwa malipo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Safari za ndani ni haki ya ndege za ndani, mpaka kibali maalumu kipatikane.

Kwa mahujaji na watu wa umra, kuna la ziada. Kwenye ndege za kawaida za msimu ule, rubani hutangaza miqati, ule mpaka usiovukwa bila ihramu, inapokaribia. Kwenye jeti yako hakuna atakayetangaza usipoagiza. Muulize sheikh wako mtapita sambamba na miqati gani, umpe nahodha kwa maandishi, na umwombe awaarifu nusu saa kabla. Wanaume wavae ihramu nyumbani au uwanjani. Choo cha jeti, hata kubwa, si mahali pa wanaume wanane kubadilishana zamu.

Hatua ya 7: Chakula

Utaniwia radhi nikikaa hapa kidogo, maana hapa ndipo sherehe za watu huharibika.

Chakula cha jeti huagizwa kupitia wakala na hutozwa bei ya kuumiza. Watu wetu husema, kwa haki kabisa, "Kwa nini nile sandwichi ya dola 60 na mimi nina mpishi Mji wa Kale?" Familia moja iliniletea biriani ya mbuzi uwanjani ndani ya deghi, limefungwa kwa unga pembezoni, bado moto, harufu ya zafarani imejaa gari zima. Lilikuwa na upana wa karibu nusu mita. Jiko la ndege lina oveni ndogo inayopokea trei za foili, basi. Deghi halikupita hata kwenye mlango wa jiko. Tulisimama chini ya bawa tukipakua biriani kwenye vibakuli vya plastiki tulivyoazima kwenye kantini, jua la saa saba likitupiga, mhudumu wa ndege amevaa glavu akichota masala upande mmoja na wali upande mwingine ili visichanganyike. Waliondoka wamechelewa dakika hamsini, na ile biriani ilifika mezani imepoa.

Siku hizi namfuata mpishi mwenyewe. Namwomba apakie kwenye trei za foili za ukubwa ambao mhudumu amenitumia, wali na masala mbali mbali, mfuniko umekazwa. Chakula kipozwe haraka na kiletwe baridi ndani ya makasha yenye barafu, kwa sababu kitapashwa angani, na chakula cha uvuguvugu kilichokaa saa tatu katika joto la Mombasa ni hatari kwa watoto na wazee. Aongeze chumvi na ndimu kidogo, maana hewani ulimi hupoteza ladha. Mahamri yanapashika vizuri. Mbaazi za nazi pia, zikiwa nzito. Viazi karai hulowa, usijisumbue. Samaki wa kukaanga acha nyumbani: harufu yake haitoki kwenye zulia, na mwendeshaji anaweza kukutoza usafi.

Sema waziwazi kama hutaki pombe ndani ya ndege. Jeti nyingi huja na kabati lake limejaa, na kama hukutaja, itakuwemo. Kwa halali, usitosheke na neno moja kwenye fomu. Andika: nyama ya kuchinjwa, hakuna jelatini, hakuna mvinyo kwenye sosi. Mhudumu aliyetoka Ulaya hana nia mbaya, hajui tu.

Hatua ya 8: Siku ya safari

Fikeni uwanjani dakika 60 kabla. Bado mtapita uhamiaji, forodha na ukaguzi wa mizigo. Anayebeba dhahabu ya harusi au pesa taslimu nyingi azitangaze, asisubiri kuulizwa. Kutoka kisiwani panga muda wa malori ya bandari pale Changamwe, na kutoka Nyali au Mtwapa panga daraja pia.

Kuna dhana kwamba ndege yako itakusubiri utakavyo. Itasubiri, ila marubani wana saa zao. Marubani wawili kwa kawaida hawazidi saa 13 au 14 za kazi tangu waripoti kazini kwa ajili ya safari yenu, na walizianza Dubai wakati ninyi mmelala. Harusi moja ya Nyali iliahidi kutoa biharusi saa nne usiku. Alitoka saa nane, baada ya picha, kesha na maneno ya wazee. Nahodha aliniita pembeni, akanionyesha saa yake. "Ndugu yangu, nikipaa sasa nitakuwa nimevunja sheria kabla sijafika." Wakalala hoteli, biharusi na bwana harusi wakarudi nyumbani, wakaondoka kesho yake adhuhuri. Malipo ya usiku ule yalikuwa juu ya familia, na nahodha alikuwa sahihi kwa kila neno.

Mwombe wakala injini ndogo ya mkiani iwashwe dakika 30 kabla hamjapanda ili chumba kipoe. Ndege iliyokaa juani pale Moi tangu asubuhi ni tanuri, na mzee wa miaka themanini hastahili kupandishwa humo.

Ukifikiria kununua

Baadhi ya wateja wangu, baada ya safari ya nne au ya tano, huniuliza kama si bora kununua. Hesabu ya kwanza ni saa. Watu wa kazi hii husema chini ya saa 200 kwa mwaka, endelea kukodi. Kutoka hapo kwenda juu unaweza kuanza kuzungumza. Familia inayokwenda Dubai mara sita na umra mara moja haifiki saa 100, hata ikijitahidi.

Ukiamua, usianze na bei ya ndege. Challenger 604 ya miaka ya tisini inaweza kukuvutia kwa kuuzwa kwa bei ya nyumba chache za Nyali, lakini marubani, mafunzo yao ya kila mwaka, bima na vipuri vyake ni vya ndege ya mamilioni mengi. Uliza lini inaingia ukaguzi mkubwa. Jeti hizi zina ukaguzi mzito wa kila miaka kadhaa, kwa baadhi ni kila miezi 96, na muuzaji anayeshusha bei ghafla mara nyingi anaukimbia. Uliza kama injini ziko kwenye mpango wa kulipia matengenezo kwa saa, kama CorporateCare ya Rolls-Royce kwa injini za G550 na Global, au OnPoint ya GE kwa Challenger. Ndege isiyo na mpango, injini moja ikidai kufunguliwa, inaweza kumeza sehemu kubwa ya bei uliyoinunulia.

Mpangilio ni huu: barua ya nia, arbuni inayowekwa kwa mtu wa tatu wa kuaminika na si mkononi mwa muuzaji, ukaguzi kabla ya kununua katika karakana uliyoichagua wewe, kisha upekuzi wa madeni. Ndege ya usajili wa Marekani hupekuliwa kwenye daftari lililoko Oklahoma City, na madeni ya kimataifa hutazamwa kwenye Daftari la Kimataifa linaloendeshwa Dublin, chini ya Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kodi za kuingiza ndege nchini hubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo mhasibu wako aandike maoni yake kabla hujatia sahihi.

Na ndege italala wapi? Najua utapenda ilale hapa, uione ukipita. Chumvi ya bahari yetu huila aluminiamu kama inavyokula mabati ya Likoni, na huanzia kwenye viungo usivyoviona: bawaba za mabawa, mashina ya antena, chini ya sakafu ya choo na jiko. Ikikaa siku chache, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na matundu ya injini yafunikwe. Ikikaa zaidi ya wiki mbili tatu bila kuruka, ipandishe Nairobi ikalale huko, na ishuke kukufuata siku ya safari.